Asubuhi Arobaini na Tatu za Suria Ninju

Siku ya kwanza kuwaona, nilidhani mmoja ni mjakazi na mwingine ni bibi yake.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, jua jeupe lisilo na joto. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimehamishwa kutoka nyumba ya mwana mmoja wa Mfalme kuja kuvuta viti vya barafu, vile vyenye vyuma chini vya kutelezea, katika ziwa lililo magharibi ya Jumba la Mfalme. Nilikuwa nimechuchumaa nikifunga nyasi kwenye viatu vyangu ili nisiteleze, nikamwona mwanamke amepiga magoti juu ya theluji, kichwa chini. Mbele yake alisimama mtoto wa kike wa miaka sita hivi, kofia ya manyoya ya mbweha imemfunika mpaka nyusi.

"Inuka," mtoto akasema, kwa sauti ya kukaririshwa.

Mwanamke akainuka. Mtoto akapita, yaya wawili nyuma yake. Hakwenda mbali, akateleza na kuketi chini pwaa! Yule mwanamke akachomoka mbio hatua mbili, kisha akasimama ghafla kama aliyevutwa kwa kamba. Yaya wakamwinua mtoto. Mwanamke akabaki pale, mikono yake bado iko mbele, imefunguka.

"Umekodoa macho nini, wewe mgeni?" akaniuliza Kui, mvutaji mwenzangu, mtu wa mdomo mrefu kuliko kamba yake. "Yule ni mama yake."

"Mama wa nani?"

"Wa huyo aliyemwambia inuka. Wewe, Shuan, kule ulikotoka mlikuwa mnafungwa vitambaa machoni? Suria wa daraja la saba huyo. Binti ni binti wa Mfalme. Sasa nani ampigie nani magoti?"

Mimi si mtu wa kujibu haraka. Lakini niliangalia tena, nikaona kidevu kile kile, chenye kishimo katikati, kwa mama na kwa mtoto.

Kanuni ya Jumba ilikuwa hivi. Suria wa daraja la tano kwenda juu hulea mtoto wake. Aliye chini ya hapo huzaa tu. Siku ya tatu, mtoto akishaogeshwa maji ya majani, huchukuliwa na kupelekwa kwa suria mkubwa amlee kama wake. Yule binti alikuwa amepelekwa kwa Bibi Duan wa Ua wa Mashariki, daraja la nne, mwanamke mpole aliyependa vitabu na kuogopa baridi. Bibi Duan hakumtesa mtoto hata siku moja. Lakini ndiye aliyeitwa mama.

Suria mwenyewe jina lake la nyumbani lilikuwa Ninju. Maana yake ni sitini, kwa kuwa babu yake alikuwa na miaka sitini siku aliyozaliwa, na ndivyo Wamanchu wengi walivyowapa watoto wao majina. Alitoka kaskazini kabisa, kwenye kingo za mto Hulan. Baba yake alikuwa askari wa bendera, yaani wa jeshi la Wamanchu, na binti wa askari wa bendera akifika miaka kumi na tano ni lazima apelekwe mji mkuu akaangaliwe kama anafaa kuwa suria. Wengine hurudishwa. Yeye hakurudishwa. Mfalme alimwita mara chache mwaka ule, akapata mimba, akazaa, akachukuliwa mtoto, na Mfalme hakumwita tena. Alikuwa na miaka kumi na sita. Huko ndani, hadithi ya mwanamke ingeweza kuishia hapo, akabaki anadarizi maua mpaka kufa.

Lakini Ninju alikuwa na kitu kimoja ambacho wenzake hawakuwa nacho. Alijua barafu.

Niliambiwa na yeye mwenyewe, kwa vipande vipande, miaka ile aliyokuwa akimngojea binti yake ziwani. Sisi matowashi wa viti tulikuwa tunaanza kazi mapema kabla mabibi hawajaamka, na yeye alikuja na mjakazi wake mmoja, eti kutembea kwa ajili ya kifua. Akifika, jambo la kwanza aligonga barafu kwa kisigino, akainamisha sikio.

"Shuan, leo inasemaje?"

"Sijui, bibi. Mimi naona imenyamaza."

"Imenyamaza wapi! Inalia kama paka. Pale karibu na daraja usivute mtu mpaka jua lipande."

Na kweli. Adhuhuri ile farasi wa askari alizama mguu pale pale karibu na daraja.

Alinifundisha kunoa vyuma vya kiti kwa jiwe jembamba na kuvipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Alinifundisha kutumia fimbo. Kila kiti cha barafu kina fimbo yenye msumari, anayekaa mbele huishika. Akiikandamiza kwenye barafu kiti hupunguza mwendo, akiinua kinakwenda. Mabibi wengi waliikandamiza tangu mwanzo mpaka mwisho, tukavuta kama punda wa kinu. Ninju alisema kwao watoto huanza kushika fimbo wakiwa na miaka mitatu, wamekaa mapajani mwa mama zao.

Halafu aliuliza, kila siku, kama anauliza habari ya hali ya hewa: "Ua wa Mashariki watakuja leo?"

Wakija, alipiga magoti na kuambiwa inuka. Alimtazama binti anavyofungwa shali, anavyokunja mdomo, anavyopiga chafya. Binti alijua, maana hakuna asiyejua kitu Jumbani. Kui alizoea kusema: "Sisi tumeacha mengi nje ya lango, lakini masikio tumeingia nayo yote mawili." Binti alijua, lakini yaya walisimama kila upande, na neno "mama" lilikuwa na mwenyewe. Ninju alimwita Chechike, ndege mdogo, lakini alimwita hivyo akiwa peke yake, au mbele yangu, maana mimi nilihesabiwa kama nguzo ya daraja.

Miaka saba ilipita hivyo. Binti akafika kumi na tatu.

Msimu ule wa baridi habari ikaja. Mkuu mmoja wa Wamongolia wa nyikani ameomba mke kwa ajili ya mwanawe, na Mfalme amesema atapewa binti wa Bibi Duan. Barafu ikiyeyuka tu, msafara utaondoka. Mwendo wa siku thelathini na tano juu ya magari ya farasi.

Ninju alikuja ziwani asubuhi ile bila kugonga barafu.

"Umesikia, Shuan?"

"Nimesikia, bibi."

"Nimemshika mara mbili. Siku aliyozaliwa, na siku ya tatu. Sisemi asiende. Binti huenda. Mimi mwenyewe nilikwenda. Ila sitaki apande gari la harusi akiwa hajui hata ninavyocheka." Akanitazama. "Siku chache tu. Hata kumi. Nani anaweza kunipa siku kumi?"

Nilinoa vyuma.

Basi ikafika sikukuu ya uji wa nafaka nane. Malkia Mama, mama yake Mfalme, alikuwa na miaka sabini na moja na alichukia kukaa ndani. Aliagiza bakuli lake la uji lipelekwe ziwani, akaketi kwenye banda la kisiwani amefunikwa ngozi ya chui, akatangaza: leo mabibi wenye watoto washindane kwa viti, kila mmoja na mtoto wake, kuzunguka kisiwa mara moja.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mashindano yale yalikuwa na mshindi kabla hayajaanza. Mbele hukaa Bibi Wan, daraja la tatu, akivutwa na Kui. Nyuma yake wanafuata wengine kwa daraja zao, maana mdogo hampiti mkubwa, awe mlangoni, awe mezani, awe kwenye barafu. Sisi wavutaji tulikuwa na ufundi wetu wa kukimbia bila kupita. Unapiga miguu kwa kishindo, unahema, unatoa jasho, na kamba imelegea kama utumbo. Tulifanya hata mazoezi. Kui alikuwa anatucheka: "Kazeni, kazeni, msije mkanifikia!"

Asubuhi ile Bibi Duan alifika akiwa na mafua, ameshika leso puani. Akaangalia ziwa, akaangalia kiti.

"Siwezi," akasema. "Kichwa kinaniuma. Ninju! Uko wapi? Wewe umezoea baridi. Kaa na mtoto badala yangu, umshike asidondoke."

Nadhani alimwonea huruma. Labda alikuwa anaogopa barafu tu. Mpaka leo sijui. Ninju alikuja, uso mweupe kama mchele. Akakaa kwenye kiti changu, binti akakaa mapajani mwake kwa shida, maana alikwisha kuwa mrefu. Mikono ya mama ikamzunguka. Ilikuwa mara ya tatu.

Nilivaa kamba begani.

Tarumbeta ikalia. Tukaondoka, viti sita, kwa daraja zetu, sisi wa nne. Nikaanza kishindo changu cha uongo. Lakini jamani, nilikuwa nimesahau kitu! Vyuma nilivinoa usiku kucha na mchana kutwa, juma zima, kwa sababu sikuwa na neno la kumfariji Ninju. Nilikuwa nimevipaka mafuta ya kondoo mara mbili. Na upepo ulikuwa nyuma yetu. Kiti kikaja chenyewe. Kikanigonga visigino. Nikaruka mbele, kikanifuata. Nikakimbia kweli, kikanifuata kweli!

"Shuan!" binti akapiga kelele. "Kimbia, la sivyo utakuwa abiria!"

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwa miaka saba. Ninju alikuwa anacheka. Si kicheko cha Jumbani, cha nyuma ya mkono. Kicheko cha kifua chote, cha mtu wa mtoni, kinachopanda na kushuka. Binti naye akaanza, na cha binti kilikuwa kile kile, kama mwangwi.

Tukampita wa tatu. Mvutaji wake akaniangalia kama mzuka. "We kichaa, rudi!" Nirudi wapi? Tukampita wa pili. Tukakata kona ya kisiwa, kiti kimeinama upande, theluji inaruka, na mbele yangu nikaona mgongo wa Kui na kofia ya dhahabu ya Bibi Wan.

Hapo ndipo nilipogeuka. Bado kulikuwa na nafasi. Fimbo ikikandamizwa, kiti kingepunguza mwendo, nasi tungekaa nyuma ya Bibi Wan kwa adabu, na makosa ya kuwapita wale wengine yangeombewa radhi. Niligeuka mara moja tu. Nikaona fimbo iko juu hewani, msumari unang'aa.

Tukapita.

"Shuan, mama yangu, unatuua sote!" Kui akapiga yowe, lakini miguu yake nayo, naapa, ilianza kukimbia kweli, kwa mara ya kwanza maishani, na hakutufikia. Kando ya ziwa wanawake walipiga kelele, mmoja akaangusha bakuli. Tukafika bandani mbele ya watu wote. Tulipita mbali sana ndipo tukaweza kusimama.

Nikajitupa chini, paji la uso kwenye barafu. Nilisikia Bibi Wan anashuka, vito vyake vinagongana kwa hasira.

"Malkia Mama, tangu lini daraja la saba linanirushia theluji usoni? Kama ndiyo sheria mpya, niambiwe nami nijue pa kukaa."

"Mimi nimekosa," Ninju akasema. Alikuwa amepiga magoti. "Nilikuwa nimeshika fimbo. Mtoto hana kosa, wala mvutaji."

"Ni mimi!" binti akasema. "Mimi ndiye niliyeinua. Haiwezi kuwa kosa, mimi ni binti wa Mfalme, naweza kumpita yeyote!"

"Nyamaza, mwanangu," Bibi Duan akasema kutoka nyuma ya leso.

Malkia Mama aliweka chini bakuli la uji. "Wawili wanagombea kosa moja. Sijawahi kuona. Kuna aliyeona?" Akaniita. "Wewe wa kamba. Inua kichwa. Uligeuka, nilikuona. Nani aliinua fimbo?"

Mimi ni mtu ambaye nikiulizwa jina langu mbele ya watu watatu naanza kukohoa. Watu pale walikuwa zaidi ya mia. Kama ningesema ni Ninju, angefungiwa ua wa nyuma mpaka kufa. Kama ningesema ni binti, ningekuwa nimemtupia mtoto kosa la mama, na yeye Ninju asingenisamehe. Lakini sikuwa na haja ya kuchagua. Nilikuwa nimeona.

"Mikono minne, Malkia," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Mikono minne! Walishika wote wawili. Ya mtoto chini, ya mama juu yake."

Neno lilikwisha kutoka. Nilisema mama. Nikaona vidole vya Bibi Duan vimekaza leso. Sasa tumekwisha, nikawaza.

Malkia Mama akaanza kutikisika. Nilidhani ni ghadhabu, kumbe ni kicheko, kimeanzia tumboni, hakina jino hata moja.

"Hivyo ndivyo inavyoshikwa! Hivyo ndivyo! Ya mtoto chini, ya mkubwa juu. Bibi yangu mzaa mama alinishika hivyo. Wewe, unatoka mto gani?"

"Hulan, Malkia."

"Nilijua. Watu wa Hulan hawajui kupunguza mwendo. Bibi Wan, keti, unanizibia jua. Umekuwa mbele miaka yote hii kwa sababu wengine walikuwa nyuma." Akafuta macho. "Sasa nisikilizeni. Sheria ni sheria. Daraja la saba halilei mtoto, na mimi siibadilishi kwa sababu ya mchezo. Lakini huyu binti anakwenda nyikani. Huko wanaishi juu ya farasi na juu ya barafu nusu ya mwaka. Nimpeleke akiwa kama kikombe cha kauri, wanicheke? Anahitaji mwalimu. Kuanzia kesho, kila asubuhi mpaka barafu ivunjike, huyu wa Hulan atamfundisha. Duan, una neno?"

Bibi Duan alikunja leso yake. Kisha akasema polepole, "Sina neno, Malkia. Mtoto anahitaji mwalimu."

"Basi mwanafunzi amsalimu mwalimu wake. Au siku hizi watoto hawafundishwi adabu?"

Na binti wa Mfalme, mbele ya mabibi wote, akapiga magoti kwenye barafu mbele ya Ninju, akagusisha kichwa chini mara tatu, kama mwanafunzi yeyote. Mwalimu husema inuka, lakini neno hilo Ninju hakulisema. Alimwinua tu kwa mikono.

Kui alinipiga kibao cha kichwa tulipokuwa tunarudisha viti. "Bubu akisema siku moja, nyumba inaungua," akasema. Akacheka mpaka akaketi chini. "Lakini nilikimbia, eh? Uliona nilivyokimbia?"

"Niliona."

"Miaka kumi na miwili mimi navuta. Sikujua kama nina mbio."

Zilikuwa asubuhi arobaini na tatu. Nilizihesabu. Walikuja jua likichomoza, yaya wakakaa bandani wanalalamika baridi, na hao wawili katikati ya ziwa. Ninju alimfunga vyuma miguuni, akamwacha aanguke.

"Mama, naumia!"

"Umia vizuri. Ukianguka, anguka kwa nyonga, siyo kwa mkono. Na ukifika huko, mumeo akikukasirisha, usinune. Mpite kwenye barafu. Atakuheshimu mpaka masika."

"Na masika je?"

"Masika kuna farasi!"

Walicheka. Waligombana pia. Kuna asubuhi binti alikasirika akatupa fimbo akasema, "Ulikuwa wapi wakati wote?" na Ninju akamwambia, "Nilikuwa hapo kandoni, nimepiga magoti. Ulinipita." Wakalia wote wawili, wakala matunda mekundu yaliyoganda, wakaendelea na somo.

Asubuhi ya arobaini na nne Ninju aligonga barafu kwa kisigino, akasikiliza, akatikisa kichwa. Msafara uliondoka siku ya sita baada ya hapo. Aliyemchana binti nywele siku ya safari alikuwa Bibi Duan, kama ilivyo desturi. Ninju alisimama kwenye mstari wa walimu.

Tangu hapo hakuwa tena mwanamke wa kudarizi kimya. Malkia Mama alimpa wajukuu wengine awafundishe; kila majira ya baridi ziwa lilijaa kelele. Daraja lake lilibaki la saba. Barua kutoka nyikani zilikuja mara mbili kwa mwaka, nikamsomea zile zilizoandikwa kwa maneno mepesi, maana mimi mwenyewe nilisoma kidogo na yeye hakusoma kabisa. Moja ilisema: "Nimempita." Hiyo tu. Ninju aliizungusha ziwa zima akiipunga.

Mwaka wa tisa, binti alirudi kumsalimu Malkia Mama, aliyekuwa amezeeka hata habanduki kitandani. Alikuja na mashavu yameungua kwa upepo, sauti kubwa, hatua ndefu, na msichana wa miaka minne mkononi, mwenye kishimo kidevuni. Hakuja na yaya. Wamongolia hulea watoto wao.

Wakati huo mimi nilikwisha pewa barua ya kuhamia milima ya mashariki, kulinda makaburi ya wafalme, na mkokoteni wangu ulikuwa unanisubiri langoni. Nilikwenda ziwani kuaga. Binti alikuwa ameshapanda kwenye kiti, mtoto mapajani, mikono minne kwenye fimbo. Nikaokota kamba niwavute mara ya mwisho, nikitafuta maneno ya kumwambia Ninju, ya miaka kumi na sita.

Ninju alikuja anakimbia, amekunja pindo la joho lake la hariri na kulichomeka mshipini kama mwanamke wa mtoni, nywele zake zina mvi upande mmoja. Akaninyang'anya.

"Acha kamba, Shuan," akasema. "Leo navuta mimi."